Nondo hizi au nondo hawa?

SWALI: Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi wilayani Kondoa. Mvua zilipoanza, wadudu wakubwa wa rangi ya kahawia, wenye madoa mfano wa macho kwenye mbawa za nyuma, walikuwa wakitua usiku ukutani karibu na taa. Niliwaandikia wanafunzi ubaoni: "Nondo hizi hutokana na mabuu." Mwalimu mwenzangu akanisahihisha mara mbili katika sentensi hiyo moja. Je, ana haki?

JIBU: Anayo, Mwalimu, ingawa kosa la kwanza ni zito kuliko la pili. Nondo mdudu ana uhai, kwa hiyo upatanisho wake ni wa ngeli ya A-WA: nondo huyu ametua, nondo hawa wametua. Ukisema "nondo hizi", msikilizaji wa Dodoma, mji ambao ujenzi haukomi, atafikiri unazungumzia vyuma vya zege. Na akiwa mfuatiliaji wa Bunge atadhani kuna mtu aliyeshusha nondo, yaani hoja nzito. Maneno hayo hutamkwa na kuandikwa sawasawa, na upatanisho ndio unaomwonyesha msomaji ni nondo yupi au nondo ipi inayokusudiwa.

Wako wanaosita kumwita mdudu mkubwa hivyo "nondo", kwa kuwa jina hilo wamelizoea kwa mharibifu mdogo wa nguo na vitabu, yule wa Mathayo 6:19, "nondo na kutu viharibupo". (Kiambishi vi- pale kimetumika kwa sababu mdudu na kutu ni wa ngeli mbili tofauti, kisichukuliwe kuwa ndicho kipatanishi cha nondo.) Ukubwa, hata hivyo, haubadilishi jina. Maelezo yako yanawaelekea nondo ambao lugha za Ulaya zimewapa cheo cha kifalme, na mmojawapo anayejulikana sana Afrika kusini mwa Sahara ni Bunaea alcinoe, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa huweza kufikia sentimita 16. Kumwita "kipepeo wa usiku" kunaeleweka, lakini sioni sababu ya kutumia maneno matatu mahali ambapo neno moja linatosha.

Sasa mabuu. Vitabu vya sayansi hutumia "buu" au "lava" kwa hatua ya pili ya mdudu yeyote anayebadilika umbo kikamilifu, kwa hiyo hukupotosha watoto. Katika lugha ya kila siku, hata hivyo, buu ni yule asiye na miguu anayeonekana kwenye nyama iliyooza, na funza humkumbusha mtu vidole vya miguu kabla ya kumkumbusha shamba la pamba. Mtoto wa nondo ana jozi tatu za miguu halisi karibu na kichwa, tena ana miguu minene ya kushikilia huko nyuma, naye hula majani, kwa mfano ya mti wa mjunju. Huyo ni kiwavi, neno ambalo kila mkulima aliyepambana na viwavijeshi analijua. Usidanganywe na ki-: ni kiwavi huyu, viwavi hawa.

Kiwavi hukua kwa kujivua ngozi mara kadhaa. Usemi "kujivua gamba", ambao wanasiasa waliuvumisha mwaka 2011, ni wa nyoka, nami ningemwachia nyoka.

Hatua inayofuata ndiyo yenye mtego, nawe hukuiuliza. Wengi huandika kwamba kiwavi "hujifungia ndani ya kifukofuko". Kifukofuko ni ala inayofumwa kwa nyuzi, kama ile ya nondo wa hariri, lakini kiwavi wa Bunaea alcinoe hafumi ala ya namna hiyo: hushuka mtini, hujifukia udongoni na kugeuka kuwa pupa humo. Andika basi "pupa", na upatanishe vivyo hivyo: pupa huyu ametulia. "Pupa hii" ni ile ya mtu anayekula kwa haraka na tamaa, sifa isiyomfaa kabisa mdudu huyu, kwani pupa hali chochote, na nondo mpevu anayetokana naye, kwa kuwa midomo yake haifai kwa kulia, huishi siku zake chache za kutafuta mwenzi na kutaga mayai kwa akiba aliyoiweka alipokuwa kiwavi.