Kwenda Daraja la Mungu kwa miguu: anzeni na viatu

Ndugu, kwa kundi la watu 12 wanaotaka kutembea kando ya Mto Kiwira hadi Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba wa asili huko Rungwe, Mbeya, hofu yangu kubwa ni viatu. Mawe ya mtoni huota ukoga wa kijani, na raba iliyolika soli huteleza hata pakionekana pakavu. Vaeni zenye meno, na kila mtu abebe soksi za akiba; zilizolowa ndizo zinazoleta malengelenge. Maji lita 2 kila mmoja, ya mto msinywe bila kuchemsha. Chakula ndizi na viazi tu, vinatosha. Rungwe mvua haipigi hodi, koti liwemo. Mzoefu mmoja atangulie, mwingine afunge msafara, mwendo uwe wa yule anayechoka mapema. Mto ukigeuka tope ghafla, pandeni juu mara moja: milimani imeshanyesha.