Usilipe hoteli ya Paje kabla hujauangalia mwezi

Mama mwenzangu, usilipe. Kama umeshafungua simu kutuma hiyo advansi, rudisha mfukoni kwanza usome hapa.

Umesema mnatoka Dodoma na watoto wawili, mkubwa miaka mitatu, mdogo mwaka na nusu, mnataka kula Idd el-Fitri Paje, kule Unguja. Umeuliza boti au ndege, umeuliza chandarua, chakula cha mtoto na bajeti. Halafu kuna mwanachama wa kundi hili hapo juu kakujibu, "Nenda tu dada, Paje bahari iko mlangoni." Hayo maneno ya bahari mlangoni ndiyo niliyouziwa mimi, herufi kwa herufi, na nimeyasoma leo nikahisi joto la uso. Bahari iko mlangoni saa ngapi? Muulize hivyo, ukae umsubiri akujibu.

Pwani yote ya mashariki ya Unguja, kuanzia Jambiani, Paje na Bwejuu mpaka juu Kiwengwa na Matemwe, maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku. Hilo utaambiwa na kila mtu, na linasemwa kirahisi kama vile ni pambo la mandhari. Usichoambiwa ni kwamba kupwa kuna siku zake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua. Hapo tofauti kati ya maji yakiwa chini kabisa na yakiwa juu kabisa inafika karibu mita 4. Pwani yenyewe ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka hivyo hayasogei hatua kumi, yanaondoka kilomita nzima na zaidi, hadi kule unakoona mawimbi yanavunjika mwambani. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu. Hayo hayaendi mbali na hayapandi sana.

Sasa weka saa za watoto hapo. Siku za bamvua Zanzibar, maji huwa chini kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na yanajaa kabisa mnamo saa kumi jioni. Mtoto wa mwaka na nusu ameamka saa kumi na mbili, amekunywa uji, saa mbili anataka kucheza, saa saba amelala. Yaani muda wote aliochangamka, bahari haipo. Akiamka alasiri, maji yameshapiga ukuta wa hoteli na mchanga umezama. Asubuhi hamna maji, jioni hamna ufukwe.

Na Idd el-Fitri ni lini? Ni tarehe mosi ya Shawwal, mwezi wa Kiislamu unaofuata Ramadhani. Mwezi umeandama jana yake. Iwe Machi, iwe Februari, Idd hiyo inakuja na bamvua kila mwaka. Hakuna mwaka utakaoponea.

Sisi tulikwenda Idd hiyo hiyo, watoto wangu wakiwa na umri kama wa wako. Dalali aliyetuuzia alitutumia picha za maji ya buluu yanalamba ngazi za hoteli, na picha hazikuwa za uongo, zilipigwa saa kumi jioni. Nilimuuliza kwa mdomo wangu: watoto wadogo wataweza kuchezea maji asubuhi? Akasema, "Dada, hapo ni mlangoni, wataingia na pampasi." Msije mkaniambia watu wa bara hatujui bahari. Niliuliza. Aliyejibu kazaliwa kisiwani na anajua bamvua tangu tumboni kwa mama yake.

Asubuhi ya kwanza tunatoka na ndoo na makoleo ya plastiki, mbele yetu ni uwanja wa matope, majani na vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu. Mapokezi wanasema, "Tembeeni tu, mtayakuta maji." Hapo ndipo pesa na roho vilipotaka kwenda pamoja, kwa hiyo soma taratibu.

Tukayafuata. Mtoto mmoja mgongoni, mmoja mabegani kwa baba yake. Chini si mchanga mtupu. Kuna mawe makali, kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, kuna vigingi na kamba za mashamba ya mwani ambayo akina mama wa Paje na Jambiani wanalima tangu 1989. Huwezi kumshusha mtoto. Jua nalo linapiga juu na linarudi kutoka kwenye maji chini. Tukavuka sehemu yenye maji ya vifundo vya miguu, tukafika kwenye fungu la mchanga mweupe, zuri mno, na pembeni kidimbwi safi cha kina cha mtoto. Watoto wakafurahi, sisi tukakaa. Tukasahau saa.

Nilidhani maji yakirudi yatakuja kwa mbele, nitayaona. Hayaji hivyo. Yanaanza kujaza mabonde, na mabonde yalikuwa nyuma yetu, kati yetu na nchi kavu. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza polepole, saa ya tatu na ya nne yanapanda nusu ya safari yote. Ukiwa na bamvua ya mita 4, nusu yake ni mita 2 ndani ya saa mbili. Piga hesabu ya nusu saa, halafu mpime urefu mwanao wa mwaka na nusu. Pale tulipovuka kwa vifundo vya miguu, tuliporudi palinifika kiunoni na mkondo unavuta pembeni.

Aliyetutoa ni mama mmoja aliyekuwa anarudi na mwani wake kichwani. Alitupigia kelele kwa mbali, "Mwanangu, msipite hapo! Zungukeni huku!" akatutangulia kwenye mgongo wa fungu mpaka nchi kavu. Hakutaka hata asante ya soda. Naomba Mungu amlinde popote alipo.

Jioni ile sikumwachia mwanangu mkono. Kesho yake maji yakaondoka vilevile, na keshokutwa, na watoto wanalilia bahari wanayoiona kwa mbali. Tukaomba turudishiwe siku zilizobaki, jibu likawa advansi hairudishwi. Tukakodi gari hadi Kendwa, kaskazini ya Unguja, na kulipa hoteli ya pili, kwa bei ya sikukuu. Safari moja, malazi mara mbili. Dalali nilipompigia akaniambia, "Dada, maji ni ya Mungu." Ni ya Mungu, ndiyo, lakini ratiba yake inajulikana mwaka mzima kabla! Jedwali la maji la bandari ya Zanzibar liko mtandaoni bure. Mvuvi yeyote wa pale anakuhesabia kwa vidole. Mtu anayekula kamisheni ya ufukwe na hakuambii ufukwe uko wazi saa ngapi, huyo amekuficha kwa makusudi, na sitabadilisha neno hilo.

Kwa hiyo kwanza mwezi, ndiyo hoteli. Wala huhitaji programu yoyote. Chukua kalenda ya Kiislamu, hata kama wewe ni Mkristo. Tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za kila mwezi wa Kiislamu ni bamvua, kaa mbali na mashariki ukiwa na watoto wa kubeba. Tarehe 7 hadi 10, na tena 21 hadi 24, ni maji mafu: yanajaa kati ya saa nne na saa sita mchana, hayafiki ukutani, na hata yakipwa hayaendi mbali. Siku hizo Paje ile ile iliyonitoa machozi ni pepo ya watoto. Idd el-Hajj inaangukia tarehe 10 ya mwezi wake wa Kiislamu, kwa hiyo hiyo ni Idd ya kwenda na watoto mashariki. Pasaka inahesabiwa pia kwa mwezi mpevu, ila inaweza kuwa siku moja baada yake au karibu wiki, hivyo kila mwaka uihakiki upya.

Wako bado hawajaanza shule. Kinachowakimbiza Idd ni nini? Sogeza wiki moja mbele, mfike Shawwal 7 au 8. Maji yatakuwa mafu na bei za sikukuu zitakuwa zimeshuka. Kama likizo ya baba watoto haisogei, basi acha mashariki, nendeni Kendwa au Nungwi upande wa magharibi. Kule ufukwe unashuka haraka, maji yanabaki karibu hata yakipwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mtoto akipiga hatua chache kina kimebadilika, kwa hiyo mkono kwa mkono muda wote, na mkae mbali na boti zinapoegesha.

Na hata siku za maji mafu, msiyafuate maji yanayoondoka mkiwa na watoto. Yaacheni yaende. Jazeni beseni maji ya bahari, mliweke kivulini, watoto wacheze humo mpaka yarudi.

Boti ni saa mbili hivi kutoka Dar, si mbaya. Hoteli usimuulize "bahari iko wapi", muulize, "Tarehe hizi, saa tatu asubuhi, mtoto wangu atakanyaga nini?" Mwambie akutumie picha ya saa hiyo. Akikwepa, mwache.

Andika hapa tarehe ulizopanga kabla hujalipa, nitakuhesabia mwezi wake leo leo.