Betri za sodiamu: sahau chumvi, tazama sifuri

Mleta uzi, umeuliza kati ya teknolojia zinazochipukia ni ipi itakayomfikia mtu wa kawaida mapema. Wengi mmejibu akili bandia na kompyuta za kwanta. Mimi ni fundi wa sola hapa Mwanza, nitajibu kwa ninachokishika mkononi: betri za sodiamu, zinazofanya kazi kama za lithiamu ila kwa sodiamu. Ila sababu yangu si ile ya kwenye matangazo, kwamba sodiamu inatoka kwenye chumvi iliyo tele.

Mwaka juzi nilimfungia mama mmoja wa Ukerewe sola ndogo ya duka. Betri ilikuwa seli nne za lithiamu zile za chuma na fosfeti, volti 3.2 kila moja. Akaenda kuuguza ndugu, akakaa huko zaidi ya miezi miwili. Huku nyuma mtu akachomoa paneli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) ikabaki imewashwa. BMS (saketi inayoilinda betri) ilikata umeme kama inavyotakiwa, lakini BMS yenyewe nayo hunywa kidogo kidogo. Haba na haba, kibaba kikaisha. Mama akanipigia: "Fundi, betri yako imekufa." Nilipopima nilikuta seli ziko volti 0.6. Kwa ubishi wangu nikajaribu kuzifufua kwa chaji ndogo, moja ikapata moto mpaka nikaikimbiza nje kwenye ndoo ya mchanga. Msifanye hivyo.

Kwa nini zinakufa? Upande wa hasi wa seli ya lithiamu umepakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Volti zikishuka mno, shaba inaanza kuyeyukia kwenye majimaji ya ndani. Ukichaji inaganda tena, ila mahali pasipo pake, na shoti huzaliwa hapo. Alumini ni nyepesi na rahisi kuliko shaba, lakini haiwezi kukaa upande huo kwa sababu lithiamu huungana nayo na kuiharibu. Sodiamu haina tabia hiyo. Kwa hiyo seli ya sodiamu ina alumini pande zote mbili, na unaweza kuishusha hadi sifuri kisha ukaiamsha.

Sikuamini, nikaagiza seli 24 za sodiamu za ukubwa wa 18650 (silinda ndogo, kubwa kidogo kuliko betri ya tochi ya AA). Nne nikaziunganisha na balbu mpaka ikazima yenyewe, nikazifunga waya kutoka chanya hadi hasi, nikaziacha wiki sita kabatini. Kabla ya hapo zilikuwa zinatoa wastani wa mAh 1480 kila moja (mAh ni kipimo cha umeme ambao seli inabeba). Baada ya kuzichaji upya zikatoa 1430. Lithiamu ingekuwa ya kutupa.

Sasa mabaya yake, maana sitaki mtu aje kunilaumu. Kwanza ni kubwa na nzito kwa umeme uleule: seli ya lithiamu ya umbo hilohilo, ile isiyo ya fosfeti, hutoa mAh 2600 na zaidi. (Zile za mtaani zilizoandikwa 9900 ni uongo, zipime kwenye mizani. Halisi huwa na gramu 45 hivi.) Kwa simu au bodaboda hilo ni tatizo, lakini kwa betri inayokaa chini ya kaunta ya duka, nani anajali?

Tatizo lililonitoa jasho ni volti. Sodiamu hutembea kutoka volti 4 hadi 1.5, mteremko mrefu. Ukipanga nne mfululizo una kati ya volti 16 na 6. Chaja kontrola (kifaa kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli) ya betri za asidi huishia 14.4, na inveta nyingi hukata kwenye 10.5, kwa hiyo juu hujazi na chini humalizi. Kwangu nilikuwa napata kama theluthi mbili tu ya umeme niliolipia. Bila inveta iliyotengenezwa kwa ajili yake unajipunja.

Kuna mdau hapo juu amesema Ziwa Natron litatutajirisha. Ni kweli alama ya sodiamu, Na, inatokana na neno natrium, lenye asili moja na jina la ziwa lile. Kweli pia magadi yanaweza kuwa malighafi ya betri hizi. Lakini mkuu, sifa ya sodiamu ni kwamba iko kila mahali. Kitu kilicho kila mahali hakimtajirishi mwenye nacho, na pale ndipo ndege wale, heroe wadogo, wanapozaliana, hapafai kuvurugwa. Wenzetu wa Kenya wanachimba magadi Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100, waulizeni.

Kuhusu lini itafika: kampuni ya betri ya CATL ya China ilitangaza seli yake ya kwanza ya sodiamu mwaka 2021, wati-saa 160 kwa kilo, yaani umeme unaobebwa na kila kilo ya seli. Bei ya lithiamu ilipanda sana 2022, kila mtu akakimbilia sodiamu, kisha ikaporomoka 2023 na mbio zikapoa. Kampuni ya betri ya Northvolt ya Sweden ilitangaza ya kwake Novemba 2023, na Machi 2025 kampuni ikafilisika kwa mambo yake mengine. Kwa bei pekee sodiamu bado haijaishinda lithiamu ya fosfeti, na wanaoisifu kwa kuvumilia baridi ya Ulaya hawazungumzi na sisi. Mimi nahesabu betri ninazoletewa zimekufa: nyingi hazikuzeeka, zilisahauliwa.

Seli 20 zilizobaki zinawasha taa za DC (zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja) kibarazani kwangu, bila inveta. Mama wa Ukerewe ameziona na anazitaka. Nimemwambia asubiri kwanza nipate inveta inayokubali kushuka hadi volti 8. Aliyeipata Kariakoo aniambie duka na bei.