Maswali Yenu: Kumsajili Mpwa wa Mchezaji wa Zamani

Tangu matoleo mawili yaliyopita tumepokea barua kutoka Mtwara, Lindi na Masasi kuhusu jambo moja: vyuo vinavyotaka kufufua timu za mpira wa kikapu kwa kuwatafuta ndugu wa waliowahi kuzichezea. Tumechagua barua tano.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Kabatini tumekuta picha za timu za zamani, majina yameandikwa nyuma. Mkuu wa chuo anataka tuwatafute watoto na wadogo zao tuwalete chuoni. Nianzie wapi? (Mwalimu, Mtwara)

JIBU: Mwalimu, anza na picha hizohizo, ila usianze na simu. Zichapishe upya, uwaoneshe watu waliokaa chuoni muda mrefu: mpishi, mlinzi, karani wa masjala, mama anayeuza maandazi getini. Hao ndio wanaojua kwamba yule wa katikati aliolewa Newala, na kwamba aliyeshika mpira sasa ni mwalimu mkuu Tandahimba. Chora daftari lenye safu nne: jina, mwaka aliomaliza, wilaya anakoishi sasa, na nani anamfahamu.

Safu ya namba ya simu iache kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe. Namba aliyoiacha mtu masjala alipokuja kuchukua cheti hakuitoa ili siku moja apigiwe na kuulizwa habari za watoto wake. Pitia kwa yule anayemfahamu. Mpe karatasi yenye jina la chuo, jina lako na namba yako, mwenye kutaka akupigie yeye. Kwa njia hii utapata watu wachache kuliko ungepiga simu mia, lakini watakaopiga wamekuja kwa hiari yao, na hao ndio wanaoleta vijana.

Sasa jambo ambalo walimu wengi wanaotoka mikoa mingine hulikosa. Ukimpata mchezaji wa zamani, usimuulize watoto wake tu. Uliza na wapwa. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wamefuata ukoo wa mama kwa vizazi vingi, na katika familia nyingi za kusini mjomba bado ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake: wapi asome, nani amlipie. Mchezaji wako wa mwaka 1995 huenda hana mtoto wa kiume mrefu, lakini ana wapwa wanne, na neno lake kwao lina uzito. Ukimkosa mjomba ukazungumza na baba peke yake, unaweza kukubaliwa leo na kukataliwa wiki ijayo bila kuelezwa sababu.

Na usiwaruke wachezaji wa kike wa zamani. Cheryl Miller aliipa USC, chuo kikuu cha Los Angeles, ubingwa wa kikapu wa vyuo vya Marekani mwaka 1983 na 1984, na mdogo wake Reggie naye akawa mchezaji mkubwa sana. Angalia pia alikokwenda Reggie: UCLA, mahasimu wa USC katika jiji lilelile. Jina la ukoo linakufungulia mlango wa mazungumzo, halimfungi kijana kuja kwako.

Ukishapata watu kumi au kumi na tano, waite kwenye mechi ya maveterani. Mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili, na kuanzia Septemba hadi Desemba watu wako kwenye korosho, kwa hiyo likizo ya Juni ndiyo nzuri: uwanja mkavu, hewa ya baridi kidogo, wanafunzi wako nyumbani. Tazama kwanza ratiba ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, vijana unaowataka wasije wakawa kambini. Kwenye mwaliko andika wazi: njoo na kijana wa ukoo wako anayependa kikapu. Maveterani wacheze robo nne za dakika 5, si 10, na wabadilishwe kila wanapotaka. Mtu wa miaka 50 ambaye hajakimbia tangu ahitimu huumia kano ya kisigino kwenye mruko wa kwanza. Wapashe miili moto kwa robo saa nzima. Baada yao, vijana wao wacheze wenyewe. Wewe kaa pembeni na daftari.

SWALI: Mume wangu alikuwa sentaa wa chuo, ana sentimita 188. Mimi nina 165. Binti yetu yuko kidato cha kwanza, ana miaka 13 na sentimita 158. Kocha mmoja ameshaanza kumfuata akisema lazima atafika urefu wa baba. Ni kweli? (Mama, Nachingwea)

JIBU: Hapana, mama. Madaktari wa watoto hutumia hesabu hii: jumlisha urefu wa baba na wa mama, kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13, kisha gawa kwa 2. Kwa binti yenu ni 188 jumlisha 165 toa 13, yaani 340, nusu yake 170. Kwa kaka yake ingekuwa 183. Hilo ni kadirio tu, anaweza kuwa juu au chini yake kwa karibu sentimita 10. Wazazi warefu sana kwa kawaida huzaa watoto warefu, lakini si warefu kama wao.

Wasichana wengi humaliza kurefuka wakiwa na miaka 15 au 16, wavulana huendelea hadi 17 au 18 na wengine kupita hapo. Mpimeni kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Na chakula kina sehemu yake: dagaa, mayai, kunde na maziwa vinamsaidia afikie urefu aliojaliwa.

Kocha angepima urefu wa mikono pia, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ikiwa imenyooshwa pembeni. Msichana wa 170 mwenye mikono ya 178 huzuia mitupo kuliko wa 175 mwenye mikono mifupi. Kwa umri wake, mwacheni ajifunze kudunda mpira kwa mikono yote miwili na atumie mpira namba 6, ambao mzingo wake ni milimita 715 hadi 730. Namba 7 wa wanaume huharibu namna ya kurusha kwa mkono mdogo.

SWALI: Tumefanya majaribio, na wachezaji waliopo wanalalamika kuwa ni undugunaizesheni: mtoto wa nahodha wa zamani amechukuliwa, mwenye uwezo kumzidi ameachwa. Tufanyeje mwaka huu? (Katibu wa michezo, chuo, Lindi)

JIBU: Malalamiko yao yachukulieni kwa uzito, kwa sababu timu ikishaamini kuwa nafasi zinagawiwa kwa ukoo, mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi hayahudhuriwi tena.

Futeni majina siku ya majaribio. Kila kijana avae namba, na orodha ya namba na majina ibaki kwa mtu asiyechagua. Wachaguzi wawe watatu, mmoja atoke nje ya chuo. Dakika 90 zinatosha: 15 za kupasha mwili, 15 za vipimo, 20 za ufundi wa mpira, 40 za kucheza. Katika vipimo, wakimbie upana wa uwanja, mita 15, mara 17 mfululizo. Mlinzi mwenye pumzi humaliza ndani ya dakika moja, na mrefu wa kati mpeni sekunde chache zaidi. Katika kucheza, tumieni watatu kwa watatu kwenye ringi moja, sekunde 12 za kushambulia. Watano kwa watano huwaficha watu: mtoto wa mkubwa husimama pembeni akapewa mpira mara mbili, akafunga mara moja, akaonekana bora. Katika watatu hakuna pa kujificha, kila mtu lazima akabe.

Kabla ya yote pimeni ringi yenyewe. Inatakiwa kuwa mita 3.05 kutoka sakafuni. Viwanja vingi vya vyuo vimeongezwa tabaka la saruji bila kupandishwa nguzo, na huku pwani chumvi hula boliti hadi ringi inalala kwa mbele. Kijana anayedanki kwenye ringi ya mita 2.90 msimhesabie danki.

Vyuo vya Marekani pia hukosea, na kwa upande wa pili: kumwacha mtoto wa mchezaji wao. Dell Curry aliichezea Virginia Tech. Mwanawe Stephen, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alipomaliza sekondari mwaka 2006, chuo cha baba yake hakikumpa ufadhili wa kikapu kwa kuwa alikuwa mwembamba na si mrefu. Akaenda Davidson, chuo kidogo, na mwaka 2008 akakifikisha kwenye timu nane za mwisho za mashindano ya kitaifa. Kinyume chake, Carlos Boozer alikuwa bingwa na chuo cha Duke mwaka 2001, na wanawe pacha Cameron na Cayden wakaingia Duke 2025. Hao walikuwa wakitakiwa na vyuo vingi. Hawakuhitaji jina la baba.

SWALI: Tumempata mdogo wa nahodha wetu wa zamani, mchezaji hodari kweli. Kidato cha nne ana D tatu tu, mengine F. Wenzangu wanasema tumwandikishe kozi fupi ya kompyuta ili acheze mashindano ya vyuo. Inaruhusiwa? (Mwalimu, Lindi)

JIBU: Huyo ataitwa mamluki, na mkipingwa mtapoteza mechi mlizoshinda kwa jasho la wengine kumi na mmoja. Waandaaji hukagua kitambulisho, namba ya usajili na kozi anayosoma.

Programu nyingi za cheti zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, zinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. D ni ufaulu, kwa hiyo amepungukiwa somo moja tu! Arudie mtihani mwezi Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo mawili ili awe na akiba, na ajisajili mapema mwaka maana dirisha hufungwa miezi mingi kabla. Chuo kinaweza kumsaidia kihalali kabisa: mwalimu wa hesabu jioni mara mbili kwa wiki, na mazoezi pamoja na timu bila kuingia kwenye orodha ya mashindano. Mwambieni kaka yake hivyo, na msiahidi kufutiwa ada. Anayelengwa na chuo kikuu mwambieni mapema zaidi, akiwa kidato cha tano: shahada inataka ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, na baada ya mtihani wa kidato cha sita wa Mei wengi huitwa JKT, hivyo majaribio ya Agosti huwakosa.

SWALI: Mjomba wangu anaishi Marekani na alichezea chuo huko. Anasema ataniingiza timu ya chuo chake. Niache kuomba vyuo vya hapa? (Kijana, Masasi)

JIBU: Usiache. Mjomba anaweza kutuma video yako na kumtajia kocha jina lako. Lakini kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, huweza kumhesabu mchezaji wa zamani kuwa mfuasi wa chuo, na mfuasi ana mipaka katika kuvuta wachezaji. Kwa kuwa ni ndugu yako wa damu, kabla hajakununulia chochote aulize ofisi ya kanuni ya chuo hicho. Tangu 2010 kuna hata kanuni inayozuia timu za wanaume za daraja la kwanza kumwajiri mtu wa karibu wa mchezaji kwa kazi zisizo za ukocha miaka miwili kabla na baada ya kijana kujiunga, kwa sababu kazi hizo zilikuwa zikitolewa kama chambo.

Wewe binafsi utahitaji masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao, pamoja na vyeti halisi vya NECTA. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam hakuwa na mjomba wa namna hiyo katika chuo kikuu cha Connecticut alikochezea, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kuingia NBA. Rekodi mechi mbili nzima, si vipande vya mabao tu, kamera ikiwa juu na katikati ya uwanja, namba ya jezi ikionekana. Makocha hutazama unafanya nini mpira usipokuwa mkononi mwako.