Mtoto mchanga alazwe chali
Chali, usiku na mchana, mpaka afikishe mwaka. Hiyo ya kwamba akilala chali atapaliwa akicheua sio kweli, njia ya hewa iko mbele ya njia ya chakula kwahiyo akiwa chali ya hewa inakua juu, maziwa yakirudi yanabaki huku chini anayameza au yanatoka pembeni ya mdomo, ukimlaza kifudifudi ndo inageuka. Marekani walianza kampeni ya kulaza watoto chali 1994 na miaka iliyofuata vifo vya ghafla usingizini vikashuka karibu nusu. Wangu wa kwanza nilikua namlaza kifudifudi kisa bibi yake alisema hivyo, siku moja nikakuta pua imezama kwenye mto na foronya imelowa pumzi, jamani niliogopa, mto niliutoa siku hiyohiyo. Na neti ichomekeeni chini ya godoro ikaze isimdondokee usoni. Akishaweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili muacheni alale alivyojigeuza, we anza tu kwa kumlaza chali. Kama alizaliwa na tatizo la njia ya hewa hapo fuateni daktari wake.