Kungwi anataka kadi yangu ya benki, wenzangu wanataka nivue ushungi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Tandika, nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha mjini. Nimeposwa, harusi ni baada ya Idi. Kungwi niliyewekewa na mama ananifunda kwamba mke mwema hahoji, na kwamba mshahara wangu pamoja na kadi ya benki nimkabidhi mume, eti ndiyo dini. Huku nako wenzangu wa kikundi cha haki za wanawake wananicheka: mfeministi gani anavaa ushungi na kusubiri kuozeshwa na walii? Hata mirathi, wanasema, dini yako inakupa nusu. Mchumba wangu ni mpole, hana neno. Shangazi, niache dini au niache harakati? – Njia Panda*

Marahaba mwanangu. Barua yako ilikuwa kurasa tatu, nimeifupisha. Kungwi amepata ukurasa mzima, wenzako ukurasa na nusu. Mchumba amepata maneno mawili: "hana neno." Nitarudi kwake.

Tuanze na kadi, maana hapo ndipo ulipodanganywa. Katika Uislamu mali ya mke ni ya mke. Mahari ni yake, mshahara ni wake, kiwanja alichonunua kabla ya ndoa ni chake. Surat An-Nisaa, aya ya 32, inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Na kuna kisa alichokipokea Bukhari, ningependa umsimulie kungwi kwa adabu mkiwa mnakunywa chai. Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, alikuwa na chake na mumewe alikuwa na hali duni. Akaenda mlangoni kwa Mtume kuuliza: nikimpa mume wangu na mayatima ninaowalea, itahesabika sadaka? Akajibiwa ndiyo, tena ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Sasa jiulize, kama fedha ile ilikuwa ya mume tangu mwanzo, sadaka ingetoka wapi? Mtu hatolewi sadaka kwa mali yake mwenyewe.

Watakutolea aya ya 34, ile ya wanaume kuwa wasimamizi wa wanawake. Isomeni mpaka mbele kidogo: "na kwa mali wanazozitoa." Anayedai usimamizi huku ameshika kadi ya mkewe, sijui anasimama juu ya nini.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inakwenda njia hiyohiyo: kuolewa hakuhamishi umiliki wa mali yako, na wajibu wa kumtunza mke uko kwa mume. Lakini usije ukadhani sheria za serikali ndiyo nuru na dini ndiyo giza. Sheria hiyohiyo iliandikwa ikiruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, mpaka Mahakama Kuu ilipokuja kusema mwaka 2016 kwamba hilo ni kinyume cha Katiba.

Kungwi usimvunjie heshima. Nami nilifundwa, na kuna mambo niliyoambiwa siku zile ambayo shuleni hakuna mwalimu angethubutu kuyatamka: mwili wangu, usafi wangu, na kwamba mume naye ana wajibu wa kuniridhisha. Hayo yachukue yote. Ila kungwi wako alipokuwa mwali, pale mtaani nani alikuwa na kadi ya benki? Hilo la mshahara hakulipokea kwa somo wake, amelitunga mwenyewe.

Kwa wenzako nina maneno machache. Kila asubuhi daladala likikushusha mjini, Barabara ya Bibi Titi Mohamed haiko mbali. Bibi Titi alikuwa Mwislamu wa hapahapa Dar es Salaam, mwimbaji wa ngoma ya bomba. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, aliwafuata mulemule kwenye vikundi vyao vya ngoma, akawaingiza kwenye siasa kwa maelfu. Hakumwambia mtu avue kitu kwanza. Kikundi kinachokutaka uje bila dini yako kinataka mtu mwingine, si wewe.

Hata hivyo kwenye mirathi wenzako wamegusa penyewe, na sitakupa jibu jepesi. Aya iko wazi: binti nusu ya kaka. Wapo wanaosema kaka ndiye aliyebebeshwa matumizi ya familia. Maelezo hayo nayaelewa, halafu nawatazama kina dada ninaowajua waliouguza wazazi peke yao huku kaka yuko mbali, na moyo hautulii. Baba yako akiwa hai anaweza kukupa zawadi, na wazazi wengi hufanya hivyo. Fundo lililobaki unaweza kulibeba huku unaswali. Nimelibeba miaka mingi, na swala zangu sijaziacha.

Sasa huyu bwana asiye na neno. Mwanangu, kungwi hataishi nawe, wala hao wenzako. Umeniuliza mimi nisiyekujua, na yeye hujamuuliza. Upole si jibu. Wapo wapole wanaosubiri tu ndoa ifungwe, na wapo wapole kwelikweli. Utamjuaje? Mwite nyumbani Jumapili, mdogo wako akae karibu kwa heshima ya wazee, umwambie: mshahara wangu utabaki mkononi mwangu, kodi ya nyumba tutaizungumza, na nikitaka kusoma zaidi nitasoma. Halafu nyamaza. Usimjazie maneno. Akikasirika, akicheka, au akisema "ngoja nimuulize mama," vyote hivyo ni majibu.

Na siku ya ndoa sheikhe atakapoleta ujumbe chumbani kuuliza mahari yako, itaje mwenyewe, kwa sauti, na isisemwe na shangazi wala mama.

Kungwi mpelekee doti ya kanga. Hiyo ni haki yake. Kadi ibaki kwenye mkoba wako.