Unaanza utafiti wa uyoga na bakteria sugu? Usikurupukie duara

Haya wadogo zangu mliochagua uyoga wa msituni kwa ajili ya risachi, kupima kama unazuia bakteria sugu, yaani wasiosikia dawa, mada nzuri sana ila naona wengi mnaikimbilia kwa ajili ya lile duara. Unatia dondoo lako, yaani vile vitu ulivyovitoa kwenye uyoga kwa kiyeyushi kama ethanoli, kwenye kishimo cha aga, ile jeli ya kuoteshea bakteria, kesho yake bakteria hawajaota pale pembeni, picha hiyooo status. Duara ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye kazi hii na ndo linalodanganya kuliko vyote.

Kwanza kibali. Jozani ya Unguja na Ngezi ya Pemba ni hifadhi za msitu, huingii tu na kisu ukaanza kukata. Nenda mvua ikishanyesha nyesha, masika au vuli, na uyoga upige picha ukiwa bado umeshikana na mti, juu na chini, uandike umeota kwenye mti gani na kama mti uko hai au ni kisiki. Utie kwenye mfuko wa karatasi, usiufungie kwenye plastiki, maana kama umetoka Ngezi na unasubiri boti ya kuja Unguja basi utafika na uji unanuka. Ukifika kata vipande vyembamba, oveni nyuzi 40, usiharakishe kwa moto mkali.

Halafu jina, hapa ndo pana balaa. Mtu kaona uyoga mgumu kama ubao, unang'aa wekundu wa damu ya mzee, tayari kashaandika Ganoderma lucidum kwa sababu kauona hivo gugo. Huyo lucidum wa kweli ni wa Ulaya, hata ule maarufu wa China tangu 2012 umepewa jina lake, Ganoderma lingzhi. Wa kwetu andika Ganoderma sp., yaani Ganoderma ambae aina yake bado hujaijua, mpaka usome DNA yake, ile sehemu ya ITS inayotumika kutambulisha uyoga, na kipande kikavu kibaki kabatini ili mwengine akija kubisha akione.

Sasa maabara. Bakteria wakitoka hospitali hakikisha kibali cha maadili kipo, na usiamini neno sugu kwa kuambiwa, pima mwenyewe. Bakteria Staphylococcus aureus mpime kwa kidonge cha cefoxitin cha maikrogramu 30, yaani kile kikaratasi cha duara chenye dawa, na pembeni yake awepo ATCC 25923, S. aureus wa kulinganishia ambae tunajua dawa zinampata. Bila huyo wa pembeni utasemaje dondoo lako limemuweza sugu? Maji ya bakteria yawe McFarland 0.5, kipimo cha ukungu wa maji hayo, aga iwe ya aina ya Mueller-Hinton unene milimita 4, inkubeta nyuzi 35 masaa 16 mpaka 18.

Na kishimo kimoja kitie kiyeyushi peke yake, tena kile kile ulichotumia. Ethanoli inaua bakteria yenyewe, sasa kama hukuikausha vizuri duara ni la ethanoli, uyoga hauhusiki kabisa. Na mtu asinambie dondoo lake limetoa milimita 14 na dawa ya gentamicin 20 kwa hiyo "zinakaribiana", kidonge cha gentamicin kina maikrogramu 10 tu, wewe umemimina miligramu ngapi? Tena molekuli kubwa kubwa kama zile polisakaridi hazitembei kwenye aga, kwa hiyo duara dogo nalo halimaanishi kwamba uyoga hauna kitu.

Ndo maana nakwambieni nendeni kwenye MIC, yaani kiwango kidogo kabisa cha dondoo kinachozuia bakteria kuota, kinachopimwa kwenye ile sahani ya visima 96. Dondoo ghafi likizuia chini ya maikrogramu 100 kwa mililita hapo kaa kitako, likihitaji miligramu 10 kwa mililita andika ulichokipata ila usipige ngoma. Dondoo nyingi za uyoga ni kahawia kama chai ya rangi, huoni kama kisima kimechafuka au la, kwa hiyo tumia rangi ya resazurini, inabaki buluu kama hakuna aliye hai na inageuka waridi bakteria wakiota. Lakini kuna dondoo zinaigeuza zenyewe bila bakteria hata mmoja! Kwa hiyo lazima uwe na visima vya dondoo na resazurini tupu, na hivi ndo supavaiza makini atakavyoviulizia mwanzo.

E. coli na wenzake wa kundi la bakteria wa Gram hasi wakikugomea usivunjike moyo, wana utando wa nje unaozuia vitu vingi kuingia. Hilo pia ni jibu, liandike.

Na kwa wale wanaouliza kama hii kazi inafika popote: dawa ya pleuromutilini ilitolewa kwenye uyoga wa jamii ya Clitopilus mwaka 1951, inabana ribosomu ya bakteria asitengeneze protini. Lefamulini, iliyotokana nayo, iliruhusiwa Marekani kwa nimonia mwaka 2019. Hesabu mwenyewe hiyo miaka, halafu uache kuwaambia watu wa mtaani kwenu wachemshe uyoga wako wanywe.

Jengine dogo, lebo za chupa andikeni kwa penseli, maka ikiguswa na ethanoli inafutika na chupa zote za kahawia zinafanana.